Dhahabu ya Chunya au Vito vya Mahenge? Ulinganisho kwa Mwenye Mtaji Mdogo

Dhahabu hugawanyika, kito hakigawanyiki. Ukipata nusu gramu ya dhahabu Matundasi, wilayani Chunya, unaweza kuiuza jioni hiyo hiyo, ukalipa vibarua, ukanunua unga na dizeli, na bei uliyopewa ukailinganisha na ya mnunuzi wa pili. Ukipata spineli (kito cha waridi au chekundu) ya gramu moja Mahenge, mnunuzi mmoja ataitajia bei ya kuku na mwingine bei ya pikipiki, wala huwezi kuipasua katikati ili mwenzako achukue chake. Karibu kila tofauti utakayoisoma hapa chini, kuanzia zana hadi mkataba wa ubia, inatokana na hilo.

Tunazungumzia uchimbaji wa juu juu: mchanga, kokoto na udongo mwekundu, kwa mikono, watu wawili hadi wanne. Maduara (mashimo) marefu ya kufuata mwamba, karasha za kusaga mawe na mitambo ya kuchenjua marudio (mabaki ya mawe yaliyoshasagwa na kuoshwa) ni biashara nyingine yenye mtaji wake. Tanzanaiti ya Mirerani nayo tunaiacha, maana iko ndani ya ukuta na ina taratibu zake.

Ardhi inatoa nini

Uwanda wa Lupa, wilayani Chunya, umechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920. Asili yake ni mishipa ya kwatzi (jiwe gumu jeupe) iliyo ndani ya miamba ya zaidi ya miaka bilioni 1.8. Mvua za miaka mingi zimeimomonyoa na kuishusha dhahabu kwenye makorongo na kingo za mito. Jambo ambalo wageni hawaambiwi mapema ni kwamba kokoto nzuri za Lupa zimeshaoshwa, nyingine mara mbili au tatu. Kinachobaki ni pembe zilizorukwa, matuta ya zamani yaliyo juu ya mto wa leo, nyufa za mwamba wa chini na vifusi vya wachimbaji wa zamani waliokuwa na haraka. Dhahabu ipo, lakini mara nyingi ni punje ndogo zinazohitaji mkono uliotulia.

Mahenge, wilayani Ulanga, ni milima ya marumaru. Ndani ya marumaru hiyo, joto na mgandamizo wa karibu miaka milioni 600 iliyopita vilizalisha rubi na spineli. Mwaka 2007 eneo la Ipanko lilitoa fuwele kubwa za spineli, moja ikiwa na zaidi ya kilo 50. Sehemu kubwa ya jiwe lile haikupitisha mwanga, lakini vipande vyake safi vilivyokatwa ndivyo vilivyoipa Mahenge jina kwa rangi ile ya waridi inayoelekea nyekundu. Mchimbaji mdogo anafaidika na tabia moja ya marumaru: maji ya mvua huiyeyusha polepole, vito vikabaki. Kwa hiyo mawe hukusanyika kwenye udongo mwekundu uliojaa mianya kati ya miamba, na kwenye kokoto za mabonde yaliyo chini yake.

Usitarajie kupata vyote viwili shimo moja. Miamba ni tofauti, na umri wake tofauti. Anayependa kokoto za mto kuliko udongo wa kwenye mianya ya marumaru anaweza kutazama Tunduru, mkoani Ruvuma, ambako tangu katikati ya miaka ya 1990 kumetoka safaya za rangi nyingi, krisoberili, aleksandraiti, spineli na ganeti. Namna ya kuosha ni ile ile ya Mahenge.

Kuosha: hapa ndipo kazi zinapoachana

Maji huchambua kwa uzito wa kitu kulingana na ukubwa wake. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ina uzito mara 2.65 ya maji. Dhahabu safi ni mara 19.3, na hata ikiwa na madini ya fedha ndani yake hushuka hadi 15 au 16 hivi. Pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba mwanafunzi wa siku mbili anaweza kupata punje kwenye karai. Spineli ni 3.6, ganeti 3.6 hadi 4.3, rubi na safaya 4.0. Dhidi ya kwatzi, pengo ni dogo. Ukiosha vito kwa mtindo wa karai la dhahabu, utavimwaga na mchanga bila kujua.

Kwa dhahabu, anza na karai lenyewe. La chuma jipya lina mafuta ya kiwandani, na punje laini huelea juu ya mafuta. Lichome moto hadi ligeuke rangi ya bluu iliyokolea, kisha lisugue kwa mchanga. Weka tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji, nayo itazuia dhahabu laini kuelea. Jaza karai theluthi mbili, lizamishe, vunjavunja mabonge ya udongo kwa vidole mpaka maji yasiwe mazito, kisha toa mawe makubwa baada ya kuyasuuza. Tikisa kulia na kushoto kwa nguvu karai likiwa sawa, ndipo uliinamishe na kuacha maji yachukue tabaka la juu tu. Rudia kutikisa kabla ya kila kumwaga. Wanaopoteza dhahabu ni wanaomwaga mara tatu kwa tikiso moja.

Kipimo cha mkono wako ni rahisi. Kata chubwi ya risasi, ile ya kuzamishia ndoano, vipande 10 vya ukubwa wa punje ya mchele, vigonge viwe bapa, vitie kwenye karai la mchanga ulioshaoshwa, osha hadi mwisho, uhesabu. Risasi ni 11.3, nyepesi kuliko dhahabu, hivyo mkono unaobakiza risasi utabakiza dhahabu. Ukipata chini ya 9, usiende mtoni bado.

Karai moja la lita 8 likioshwa vizuri huchukua dakika kadhaa, kwa hiyo siku nzima ni makarai 50 hadi 80, yaani karibu nusu mita ya ujazo. Ubao wa kuoshea uliotandikwa gunia au blanketi hupandisha kazi hiyo hadi mita 2 au 3 kwa watu watatu. Uwe na urefu wa mita 1.5 hadi 2, ushuke sentimita 10 hadi 14 kwa kila mita, na maji yapite kina cha sentimita 2 hadi 4. Ukiona kokoto zinakimbia na gunia linabaki jeupe, mteremko ni mkali, dhahabu laini inaondoka. Ukiona gunia limefunikwa mchanga mweusi mgumu ndani ya nusu saa, mteremko ni mdogo au maji hayatoshi, na dhahabu mpya inateleza juu ya huo mchanga. Suuza gunia kwenye ndoo kila baada ya saa moja au mbili, na kila asubuhi osha karai moja la mchanga uliotoka mwisho wa ubao. Likiwa na punje, rekebisha kabla ya kuendelea.

Kwa vito unahitaji machekeche mawili ya duara: la juu lenye matundu ya milimita 15 hadi 20, la chini la milimita 2 hadi 3. Udongo mwekundu wa Mahenge unanata, kwa hiyo ulowekwe kwenye pipa usiku kucha au ukanyagwe kwa miguu kwanza. Bonge la udongo lisilovunjika hubingirika juu ya chekeche likiwa na kito ndani, likatupwa pamoja na mawe. Chekeche la chini lisizidi kina cha sentimita 5 za kokoto. Lizamishe kwenye pipa au kidimbwi, lipandishe na kulishusha kwa mikupuo mifupi ya haraka ndani ya maji, huku ukiligeuza robo duara kila baada ya mikupuo michache. Mikupuo 30 hadi 50 inatosha. Mawe mazito huenda chini na kujikusanya katikati. Kisha lipindue kwa pigo moja juu ya gunia bapa: kilichokuwa chini sasa kiko juu, na katikati kutakuwa na doa la mawe meusi na ya rangi. Hapo ndipo unapotazama, mawe yakiwa bado na maji na jua likiwa mbele yako ili mwanga upite ndani ya jiwe.

Doa likisambaa badala ya kujikusanya, umejaza chekeche kupita kiasi, au umechanganya mawe ya ukubwa unaotofautiana mno. Kokoto kubwa ya kwatzi inaweza kushinda uzito wa spineli ndogo. Ndiyo maana chekeche la juu si la kupunguza kazi tu.

Zana za dhahabu huisha haraka ila ni za bei ndogo. Kwa vito unachakaza machekeche na macho. Mtu akichoka hutazama asione, na jiwe lililopita mbele ya macho yaliyochoka halirudi. Badilishaneni mtazamaji kila baada ya saa moja. Dhahabu haina tatizo hilo, kwa kuwa karai halichoki kushika uzito.

Kujua ulichokishika

Dhahabu inajulikana kwa sindano. Ibonyeze: dhahabu huacha kishimo, pairaiti (dhahabu ya uongo) hupasuka, maika (madini ya vijani vinavyong'aa) hubanduka vijani. Peleka punje kivulini: dhahabu haibadilishi rangi yake, vile vingine hung'aa upande mmoja tu na kufifia ukigeuza. Jioni ya kwanza mtu anajifunza hayo.

Vito vina shule ndefu. Mahenge hiyo hiyo ina ganeti nyekundu, rubi na spineli, na yote yakiwa yamechubuka mtoni hufanana. Fuwele zisizochubuka husaidia: spineli ina nyuso 8 kama piramidi mbili zilizounganishwa, rubi huwa na pande 6, ganeti huviringika kwa nyuso 12. Kwa zilizochubuka, nunua tochi ya urujuanimno, aina ya kukagulia noti, ikiwezekana ya nanomita 365, kwa sababu ya 395 hutoa zambarau nyingi inayodanganya jicho. Gizani, spineli na rubi za Mahenge huwaka nyekundu kama kaa, ilhali ganeti hubaki imezima kwa ajili ya chuma kilichomo. Kutenganisha rubi na spineli, dikroskopu ndogo (kidude cha kutazamia rangi za jiwe) inamaliza ubishi: rubi inaonyesha rangi mbili kwenye vidirisha vyake, spineli moja. Tahadhari kwa wa Tunduru: safaya nyingi zina chuma na haziwaki, kwa hiyo tochi isikufanye uzitupe.

Msijaribu ugumu kwa kukwaruza jiwe safi. Kipimo kitakubaliana nanyi na bei itashuka.

Na nyundo iwe ndogo. Spineli iliyo ndani ya kipande cha marumaru hupasuka kwa pigo moja la haraka, na ufa mmoja katikati unaweza kuugeuza mzigo wa kujengea nyumba kuwa wa shanga. Vunja marumaru mbali na jiwe, likibaki na koti lake mpelekee mkataji alitoe.

Kuuza

Dhahabu ina bei ya dunia kwa wakia, na wakia ni gramu 31.1. Gawanya, zidisha kwa usafi wa dhahabu yako, toa mrabaha (malipo ya serikali kwa madini) wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, utajua kama mnunuzi anakutania. Tangu 2019 kuna masoko ya madini ambako uuzaji unatakiwa kufanyika, Chunya ikiwemo. Kabla ya kupima, kausha dhahabu, toa mchanga mweusi kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, hakikisha mizani inasoma sifuri na feni imezimwa. Ugomvi mwingi wa mizani huishia hapo.

Usitumie zebaki kunasia dhahabu ya mchangani. Punje zake zimeshajitenga na mwamba, karai na sumaku vinatosha, na masalio laini yanaweza kuyeyushwa kwa boraksi (unga wa kuyeyushia). Mvuke wa zebaki inayochomwa ndani ya kibanda unaingia kwenye mapafu ya anayepika na watoto waliolala pembeni, na mnunuzi bado atakukata uzito kwa zebaki isiyoungua yote.

Kwa kito hakuna hesabu ya namna hiyo. Mrabaha na ukaguzi ni vile vile, lakini thamani inayokokotolewa ni ya jicho. Mambo manne hupanga bei: rangi, usafi, ukubwa na umbo la kukatika. Jiwe ghafi likikatwa, kwa kawaida hubaki asilimia 20 hadi 35 ya uzito. Gramu moja ni karati 5, kwa hiyo tegemea karati 1 hadi 1.75 iliyokatwa. Mnunuzi anahesabu hivyo kichwani kabla hajatoa mkono mfukoni, nawe uhesabu.

Onyesha mawe mchana, kivulini penye mwanga wa anga. Taa ya njano hupamba nyekundu, na dalali mzoefu akikuletea jiwe chini ya taa hiyo, fahamu ananunua muda wako. Panga mawe kwa makundi matatu au manne na kila kundi liwe na bei yake. Kosa linalowagharimu wengi ni kukubali bei moja ya wastani kwa kapu zima kisha kumruhusu mnunuzi achague: atabeba matano mazuri kwa bei ya wastani, akuachie kokoto. Ama achukue kapu zima, ama kila jiwe lipangiwe bei yake.

Muda ndio mtaji halisi wa vito. Ukilazimika kuuza Ijumaa kwa sababu Jumamosi vibarua wanadai, umeshapunjwa kabla ya kufika mezani.

Leseni na ubia

Kwenye sheria kazi hizi mbili zinafanana. Leseni ya uchimbaji mdogo (PML) hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania tu, kwa miaka 7 inayoweza kuhuishwa, na eneo lisilozidi hekta 10. Kuokota bila leseni ni kosa hata ukiwa na karai moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hili linambana zaidi wa dhahabu, kwa kuwa anatamani mto wenyewe. Mwenye vito vya udongo wa kwenye marumaru hulikwepa kwa urahisi zaidi, ila akaangalie mipaka ya hifadhi za misitu Mahenge.

Wengi wanaoanza hufanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine kwa mgao. Kwa dhahabu, mkataba unaweza kugawa gramu au hata ndoo za mchanga kabla ya kuosha, kila mmoja akaoshe zake. Kwa vito lazima ugawane fedha baada ya kuuza, na hapo panahitaji maandishi: nani anatunza jiwe, nani ana funguo ya pili, nani anaruhusiwa kukubali bei, muda wa juu wa kusubiri, na gharama zipi zinatolewa kwanza. Ubia wa vito usiokuwa na vipengele hivyo huvunjika siku ya jiwe zuri la kwanza, jambo ambalo halitokei sana siku ya jiwe baya.

Nani aende wapi

Ikiwa chakula cha nyumbani kinatoka kwenye kazi hii hii, nenda Chunya. Mapato ni madogo lakini yanakuja kila wiki, njia ya lami kutoka Mbeya inafika, na hasara unaiona mapema: wiki mbili bila punje zinakueleza uhame. Kiangazi, Mei hadi Oktoba, makorongo ya Lupa hukauka na mwamba wa chini huonekana. Hapo chimba na kurundika. Maji ya kuoshea lazima uyapangie bajeti, maana utayabeba au utayazungusha kwenye kidimbwi cha kutuamisha tope.

Ikiwa una shamba, duka au mshahara unaokulisha, una subira na una mtu wa kumwamini mwenye jicho la mawe, Mahenge inaweza kukulipa kwa siku moja yale ambayo Chunya haitakupa kwa msimu. Inaweza pia isikulipe chochote kwa msimu mzima, na hakuna atakayekuambia kama umekosa jiwe au umelitupa. Mtu asiye na akiba ya miezi sita asiingie.

Mwenye watu wengi na pampu lakini hana jicho la mawe ni bora akaoshe dhahabu. Mwenye jicho la mawe na mtaji kidogo, wakati mwingine ni bora aache kuchimba kabisa, akate leseni ya udalali.

Shimo la majaribio

Popote utakapochagua, usianze kwa kuchimba eneo lote. Chimba mashimo ya mita 1 kwa 1, angalau matatu kukatiza korongo kutoka ukingo hadi ukingo. Weka kila tabaka peke yake na ulioshe peke yake, kwa ndoo za lita 20. Ndoo 50 ni mita moja ya ujazo, lakini ardhi ikichimbwa huvimba kwa asilimia 20 hadi 30, kwa hiyo mita moja ya shimo itakupa ndoo 60 au zaidi. Asiyejua hili huripoti utajiri au umaskini usiokuwepo. Kokoto zinazokaa juu ya mwamba wa chini zichukue kwa kijiko na brashi hadi ndani ya nyufa. Jihadhari na tabaka gumu la mfinyanzi linalojifanya mwamba: litoboe kwa mtaimbo uone kama chini yake kuna kokoto nyingine.

Shimo likizidi mita 1.2, kata ngazi pembeni au weka matimba (magogo ya kuegemeza kuta), na kifusi kikae mita 1 kutoka ukingoni. Kokoto zilizolowa hazitoi onyo kabla ya kuporomoka.

Kwa dhahabu, pima kwa gramu kwa kila ndoo 50 na ulinganishe na gharama ya kuosha ndoo 50: chakula, maji, mafuta, mgao wa mwenye leseni. Kwa vito, hesabu za ndoo chache hazina maana, kwa sababu jiwe moja linaweza kubeba thamani ya mita kumi. Hapo unatazama mawe wenzake: doa la katikati ya chekeche likiwa na spineli ndogo chafu, ganeti na vipande vya rubi isiyopitisha mwanga, bonde hilo linastahili angalau mita 10 za ujazo za majaribio. Likiwa na kwatzi na chuma tu kwenye mashimo yote matatu, fukia, hamia bonde linalofuata.